Mashauri ya Karani: Waya Chini ya Kiti



Juma hili nimeazimia kuwaandikia habari za chombo ambacho wengi wetu twakiona kila mara bali wachache twakifikiri, nacho ni ile mashine ya kukatia nyasi ambayo mwendeshaji huipanda na kuketi juu yake kama apandavyo trekta ndogo. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya fyekeo, na watu kumi walishinda juani kwa ua mmoja. Siku hizi mashine hizi zaonekana katika nyua za ofisi, viwanja vya shule na makanisa, mahoteli, na hata katika mashamba ya matunda, ambako mkulima hukatia majani yaliyo baina ya mistari ya miti yake. Msomaji asiyekuwa nayo huenda ana mwana aliyeajiriwa kuiendesha. Na msomaji aliye karani huenda ndiye atiaye sahihi katika daftari ya petroli yake. Kwa hiyo shauri hili latuhusu sote, nami nitaeleza kwa nini lanihusu mimi zaidi.

Mwaka 2019 nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali huko nchi za juu. Ofisi ile ilikuwa na ua mpana wenye mteremko, uliopandwa nyasi za Kikuyu. Nyasi hizi asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, nazo zimechukuliwa mpaka Afrika ya Kusini na Australia. Lakini ajuaye tabia yake ajua ya kuwa hutambaa, husongamana kama godoro, na wakati wa mvua hushika maji mpaka jua lipande sana. Mwendeshaji wetu alikuwa mtu mzima, mtaratibu, mwenye kuamka mapema, nasi sote tulimwita Mzee kwa heshima.

Mwezi wa Machi mashine ilianza kuzimika kila ilipopita juu ya kishimo. Fundi alipoitazama aliona ya kuwa swichi iliyo chini ya kiti imechakaa. Mzee akaja mezani pangu, nami nikaandika barua ya kuomba kipuri. Barua ikaingia katika jalada, jalada likaingia kabatini, na fedha za robo ile zilikuwa zimekwisha. Baada ya siku chache nikasikia mashine ikinguruma tena bila kusita. Nilipokwenda kuhesabu mali ya ofisi niliinua kiti, nikaona kipande cha waya kimeunganisha nyaya mbili za swichi ile.

Nikamwuliza, "Mzee, hii ni nini?"

Akanijibu, "Ni dawa ya muda, Bwana Karani, mpaka kipuri kitakapokuja."

Nikacheka, nikasema mafundi wetu wana akili. Kisha nikaandika katika daftari, mbele ya jina la mashine ile, maneno mawili: Hali nzuri.

Sasa yafaa nieleze kazi ya swichi hiyo, maana siku ile mimi mwenyewe sikuijua sawasawa. Mashine ya kwanza ya kukatia nyasi ilibuniwa na Mwingereza mmoja, Edwin Beard Budding, wa Stroud katika Gloucestershire, naye akapata hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1830. Wazo lake alilipata katika kiwanda cha nguo, alipoona mashine yenye visu vya kuzunguka ikinyoa manyoya ya kitambaa. Mashine ya Budding ilisukumwa kwa mikono. Mtu akisukuma, visu vyazunguka. Mtu akiacha, visu vyasimama. Lakini katika mashine yetu ya leo visu vyazungushwa na injini, wala injini haina habari kama mtu yupo au hayupo. Ndiyo sababu watengenezaji wakaweka swichi chini ya kiti. Mwendeshaji akiinuka huku visu vyazunguka, uzito wake hutoka kitini, na mara injini huzimika. Swichi hiyo ndiyo ipashayo injini habari ya kuwa mtu ameondoka. Anayeiunganisha kwa waya aiambia injini uongo, ya kwamba daima pana mtu ameketi.

Tena hebu tufikiri mwendo wa visu vyenyewe. Kanuni za usalama za Marekani kwa mashine hizi huruhusu ncha ya kisu kwenda mpaka futi 19,000 kwa dakika, yaani karibu kilomita 347 kwa saa. Hakuna gari katika barabara zetu liendalo mbio kama hizo. Na visu hivi vimefunikwa na bati pana, hata mtu aliyesimama kando haoni kitu. Aona bati tu, limetulia kama sufuria iliyofunikwa.

Siku moja ya mwezi wa Mei tulikuwa tukingoja wageni wakubwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mimi ndimi niliyetumwa kumhimiza Mzee amalize ua kabla ya saa nne. Nyasi mbichi zikaziba mdomo wa kutupia majani ulio kando ya bati. Mzee akashuka ili auzibue, kama alivyofanya miaka mingi. Miaka ile yote mashine ilikuwa ikizimika yenyewe ainukapo, hata mwili wake ulikuwa umezoea ya kuwa kushuka ni kuzima. Siku ile haikuzimika. Alitumia kijiti mara mbili, na mara ya tatu akatumia mkono. Vidole viwili vya mkono wake wa kuume vilikatika.

Nitarudi kwa Mzee mwishoni. Kwanza niwape mashauri ambayo tangu siku ile nimeyakusanya katika vitabu vya mashine na kwa mafundi waliozoea, maana haifai kusimulia msiba bila kuonyesha njia ya kuuepuka.

Jambo la kwanza ni kuijaribu swichi. Kila Jumatatu, kabla ya kazi, peleka mashine mahali palipo sawa pasipo na watu. Funga breki ya kuegesha, washa injini, tia visu kazini, kisha inuka kidogo kitini bila kushuka wala kuondoa miguu mahali pake. Injini yapasa kuzimika mara hiyo. Isipozimika, mashine ni mgonjwa, hata kama yanguruma vizuri na kukata vizuri. Irudishe bandani, ondoa ufunguo, ukaandike barua ya kuomba kipuri. Nyasi zikirefuka hazimdhuru mtu.

Jambo la pili ni kuzibua. Majani yakiziba, zima visu kwa kishikio chake, funga breki, zima injini, utoe ufunguo na kuutia mfukoni mwako, kisha ngoja mpaka kila kitu kitulie kabisa. Kanuni nilizozitaja zataka visu vya mashine hizi visimame katika muda wa sekunde 5 tangu vizimwe, lakini mashine kuukuu yaweza kukawia zaidi, basi usiwe na haraka. Ndipo utumie kijiti, wala si mkono. Na ikiwa yakupasa kutia mkono chini ya bati kwa sababu yo yote, chomoa kwanza waya wa plagi na kuuweka mbali, maana kisu kikigeuzwa kwa mkono chaweza kuistua injini ikawaka.

Jambo la tatu ni kuutembelea uwanja kwa miguu kabla ya kuwasha. Okota mawe, mifupa, vipande vya waya, na magunzi ya mahindi yaliyotupwa na watoto. Kisu kikigonga jiwe hulitupa kwa nguvu nyingi. Kile kibati kilicho juu ya mdomo wa kutupia majani kimewekwa ili mawe yarushwe chini. Wako waendeshaji wakiondoao au kukifunga juu kwa kamba ili majani yatoke upesi. Hiyo nayo ni ndugu ya waya wetu wa chini ya kiti. Usielekeze mdomo huo kwa watu, wala madirisha, wala magari. Mwendeshaji naye avae viatu vigumu vya kufunika mguu wote, wala si ndara. Shati alichomeke, na masikio ayazibe kwa vizibo vya kazi, kwa kuwa kelele za kila siku huua usikivu polepole.

Jambo la nne ni mteremko. Mashine ya kupandwa hupinduka, na ikipinduka humwangukia mpandaji wake. Vitabu vingi vya mashine hizi vyasema usipite penye mteremko wa zaidi ya digrii 15, na chako kikitaja pungufu ya hapo, fuata chako. Asiye na chombo cha kupimia digrii na atumie ubao ulionyoka wenye urefu wa mita 1 pamoja na pima maji ya fundi mwashi. Weka ncha moja ya ubao juu ya ardhi upande wa juu, ushike ubao ulale sawa, kisha pima kutoka ncha ya pili kushuka mpaka ardhini. Umbali ukizidi sentimita 27, mahali hapo ni pa fyekeo, si pa mashine. Katika mteremko unaoruhusiwa, panda na kushuka moja kwa moja. Usikate kwa kupita ubavuni. (Mashine ya kusukuma kwa mikono ina kanuni iliyo kinyume: hiyo hupitishwa ubavuni, ili mtu asiteleze mbele yake.) Usigeuze kwa ghafula, usishuke kwa mbio, na ukae mbali na kingo za mitaro na makinga maji. Nyasi zikiwa na maji, ngoja zikauke. Magurudumu hayana mshiko juu ya nyasi mbichi. Na ikianza kuteleza, usijaribu kuizuia kwa mguu wako.

Jambo la tano ni watoto. Mtoto huvutwa na mashine kama nzi avutwavyo na asali. Baba mwenye mapenzi humpakata mwanawe juu ya kiti na kumzungusha uwanjani, na jirani hucheka na kupiga makofi. Nasema kwa uwazi kwamba huko si kumpenda. Mtoto huyo aweza kuanguka mbele ya visu. Na hata asipoanguka, siku nyingine atasikia mlio na kukimbilia kutoka nyuma, akidhani ameitwa kupanda. Watoto wakae ndani au mbali chini ya uangalizi wa mtu mzima, na mwendeshaji akiona mtoto ameingia uwanjani azime mashine pale pale. Kabla ya kurudi nyuma, zima visu, utazame nyuma na chini, na uendelee kutazama mpaka usimame.

Jambo la sita ni petroli. Jaza tangi nje ya nyumba, injini ikiwa imepoa, na pasiwe na sigara wala jiko karibu. Debe la petroli liweke chini ardhini wakati wa kulijaza, wala usilijaze likiwa juu ya gari, hasa gari lenye zulia la plastiki, kwa maana umeme wa msuguano waweza kutoa cheche. Petroli ikimwagika, ipanguse na kungoja mvuke uishe. Wala usiache injini ikinguruma ndani ya banda lililofungwa: moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua mtu kimya kimya.

Sasa niseme juu ya utunzaji, na hapa nasema na makarani wenzangu na wakulima wenye kuweka hesabu. Mashine haizeeki kwa miezi, huzeeka kwa masaa ya kazi. Anzisha daftari, na kila siku mwendeshaji aandike saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa, lakini kwa desturi hesabu yake huwa karibu na hivi.

Kila siku kabla ya kuwasha: tazama oili mashine ikiwa mahali pa sawa, tazama upepo wa magurudumu, skrubu na nati za visu, na vile vibati vya kinga. Ondoa nyasi kavu zilizokwama karibu na ekzosi, maana hizo ndizo ziletazo moto bandani.

Kila baada ya masaa 25: safisha chujio la hewa, na mapema zaidi wakati wa vumbi la kiangazi. Chujio la sponji huoshwa kwa maji na sabuni, kukamuliwa na kukaushwa. La karatasi halioshwi, hukung'utwa polepole, na likichafuka sana hubadilishwa. Wakati huo huo kagua visu na kuvinoa. Kisu butu huchana majani badala ya kuyakata, nazo ncha zake hugeuka rangi ya kahawia, na injini hula petroli zaidi.

Kila baada ya masaa 50: badilisha oili, injini ikiwa na joto kidogo ili oili itoke yote pamoja na uchafu wake. Tazama pia mkanda uzungushao visu, kama umepasuka au kulegea.

Katika kunoa visu, mashine isishikwe na jeki peke yake. Weka magogo imara chini yake. Chomoa waya wa plagi, vaa glovu nene. Ukimaliza kunoa, tundika kisu kwa tundu lake la kati juu ya msumari uliopigwa ukutani: upande mmoja ukishuka, huo ni mzito, uunoe tena mpaka kilale sawa, kwani kisu kisicho na mizani hutikisa mashine yote na kuharibu beringi. Ukirudisha kisu, yale mabawa yaliyopinda nyuma yake yaelekee juu kwenye bati. Na kisu kilichopinda au kuwa na ufa kitupwe. Usikinyoshe kwa nyundo wala usikipeleke kuchomewa, kwa kuwa kikivunjika katika mbio zile kipande chake ni kama risasi.

Betri ikitolewa, anza na waya wa hasi. Ikirudishwa, waya huo uwe wa mwisho. Na ikiwa mashine italala zaidi ya siku 30, toa petroli iliyobaki, maana ikikaa huharibika na kuziba kabureta.

Haya yote si magumu. Lakini msomaji ataona ya kuwa karibu kila shauri nililolitaja lapita mezani pa karani kabla ya kumfikia mwendeshaji: kipuri, kisu kipya, viatu, glovu, hata saa za kungoja nyasi zikauke. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape watu wake vyombo vilivyo salama na mafunzo ya kuvitumia, nayo yakataza mtu kuchezea kwa makusudi kitu kilichowekwa kwa ajili ya usalama. Mwenye kufunga waya amekosa. Lakini aliyeuona waya na kuandika "Hali nzuri" je?

Swali hilo liliniijia mwaka ule ule. Baada ya ajali ilipasa kutolewa maelezo, ili Mzee apate haki yake ya mafao ya kuumia kazini. Daftari ikaitishwa. Ikasomwa ya kuwa mashine ilikuwa katika hali nzuri mwezi wa Aprili. Na mtu mmoja akasema basi kosa ni la mwendeshaji, ambaye alifunga waya kwa siri. Nilikuwa nimeketi mwisho wa meza. Niwaambie kweli, nilikaa kimya kwa muda, nikifikiri watoto wangu na mshahara wangu. Kisha nikasimama nikasema ya kuwa waya niliuona, ya kuwa barua ya kipuri ilikuwa katika kabati langu, na ya kuwa siku ile mimi ndimi niliyemhimiza. Nikaandikiwa barua ya onyo, nayo ilistahili. Mzee akalipwa mafao yake.

Nilipokwenda kumtazama hospitali, kabla ya mambo hayo ya maelezo, aliniambia, "Bwana Karani, usijilaumu sana. Hata mimi niliuona ule waya kila asubuhi." Kipuri kilikuja mwezi wa Agosti. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko petroli ya juma moja.

Aliporudi kazini alipewa kazi ya langoni, kuandika majina ya wageni, naye akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Kila asubuhi nilipopita alinipa mkono huo wa kushoto, na kila asubuhi aliniomba radhi, kwa kuwa kwa watu wa rika lake si adabu kumwamkia mtu kwa kushoto. Mimi nilikosa la kumjibu, maana mwenye kustahili kuomba radhi hakuwa yeye.

Basi, ndugu msomaji, kama mahali pako pa kazi pana mashine ya namna hii, usingoje ajali ikuite. Kesho, kabla ya kutia sahihi yako katika daftari ya petroli, nenda bandani ukainue kiti.

Wasalaam,
Karani wenu